Lita Moja, Bei Mbili: Historia ya Kodi ya Mafuta Mpakani Busia na Tororo

Kipindi cha Historia. Nakala ya kusomwa katika vikundi vya kusikiliza.

[Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.]

MTANGAZAJI: Hamjambo ndugu zetu wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda na wa Kenya, na hamjambo wenyeji wetu wa hapa Kiryandongo. Kama uko shambani, weka jembe chini kidogo. Kama uko jikoni, punguza moto, maana leo tutaongea habari ya moto. Tunaongea habari ya petroli na dizeli.

Juzi nilimsindikiza mama kusaga mahindi. Tulipofika kwenye mashine tukakuta bei ya kusaga kilo moja imepanda. Mama akamuuliza yule kijana wa mashine kwa upole, "Mwanangu, mbona wiki iliyopita haikuwa hivi?" Kijana akajibu, "Mama, usinilaumu mimi. Ni dizeli."

Nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja. Akasema, tena kwa sauti, "Nyinyi wakimbizi mnalalamika nini? Chakula mnapewa, kodi hamlipi."

Mama hakumjibu. Alibeba ndoo yake ya unga, tukaondoka. Lakini tulipofika njiani akasimama, akaniambia, "Wewe ndiwe uliyesoma, na ndiwe unayeongea redioni. Hebu niambie. Bei hii nani anaipanga? Na ni kweli sisi hatulipi kodi?"

Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Kipindi cha leo ndicho jibu langu kwa mama, na kwa yule mzee pia.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Jibu hilo tutalitafuta mpakani, maana mafuta tunayotumia hapa karibu yote yanapitia mpakani. Sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda hushushwa melini Mombasa. Hupita ndani ya bomba hadi magharibi ya Kenya, kisha hupakiwa kwenye malori ya tangi na kuvuka Malaba au Busia. Malaba na Busia ni milango ya upande wa Tororo.

Huko Tororo kuna gombolola inaitwa Molo. Ukiwataja watu wa Molo mbele ya Mkenya, atafikiria Molo ya Nakuru, nchi ya viazi na baridi. Hii ya Tororo ni nyingine. Ni nchi ya Wateso, na Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Shangazi anaweza kuwa Mganda na mpwa wake akawa Mkenya, na lugha ya nyumbani ikawa moja.

Upande huo naujua kwa njia ya uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, nyumba zilipochomwa, maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba wakiwa na watoto mgongoni. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Tulipokelewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha tukaletwa hapa Kiryandongo. Kwa hiyo ninaposema habari ya mpaka ule, nasema habari ya njia iliyonileta.

Tuanze mwanzo. Mpaka huu haukuwepo zamani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na wakati huo Kisumu ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walichukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika eneo ambalo leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa, ingawa hakuna aliyehama.

Lakini ule ulikuwa mstari wa utawala tu. Mali ilikuwa haizuiwi sana, kwa sababu kuanzia mwaka 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja, na Tanganyika ikajiunga baadaye. Hata baada ya uhuru, nchi tatu ziliendelea kushirikiana, na mwaka 1967 zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katika miaka ile ndipo Busia ilipoipa dunia neno moja. Mtu akishuka upande mmoja, ilibidi avuke eneo la katikati ili afike upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba abiria, wakiita kwa Kiingereza cha mpakani, "boda, boda!" maana yake, mpaka hadi mpaka. Leo kila pikipiki ya abiria inaitwa boda boda, hata mahali ambapo hakuna mpaka. Kumbukeni hao waendeshaji, tutarudi kwao.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa tufike miaka ya 1970. Idi Amin alichukua serikali ya Uganda mwaka 1971. Mwezi Februari 1976 alidai kwamba eneo kubwa la magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Kenya ilikasirika. Kisha mwezi Julai mwaka huohuo makomando wa Israeli walishuka Entebbe kuwaokoa mateka, na ndege zao zikapitia Nairobi. Amin akailaumu Kenya, na Wakenya waliokuwa Uganda wakateswa.

Kenya ikajibu kwa kubana njia ya mizigo. Ikadai bidhaa za Uganda zinazopita kwake zilipiwe kwa fedha za Kenya. Malori ya mafuta yakakwama. Magari ya Kampala yakasimama kwa kukosa petroli, na ilibidi wajumbe wa nchi mbili wakutane mwezi Agosti ndipo mambo yakalegea.

Wasikilizaji, hapo tunapata somo la kwanza. Nchi isiyo na bahari hununua mafuta yake kupitia mlango wa jirani. Jirani akikohoa, bei yako inapanda. Jambo hilo lilitokea tena Desemba 1987, askari wa Uganda na wa Kenya waliporushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa kwa muda. Likatokea tena Januari 2008. Barabara na reli za Kenya zilipozibwa, malori ya mafuta hayakufika, na bei ikaruka Uganda, Rwanda hadi mashariki ya Kongo. Siku zilezile sisi tunavuka kwa miguu, malori yalikuwa yamezuiwa nyuma yetu. Na Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya kulazimishwa kupimwa korona, na Uganda ikakosa petroli tena.

Turudi miaka ya 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kila nchi ikashika forodha yake na kanuni zake. Uganda haikuwa na bidhaa madukani, na fedha yake ilikuwa inaporomoka. Ndipo neno "magendo" likawa neno la kila siku. Kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda Kenya, hasa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa duniani kupanda. Soko la Chepkube, kwenye mpaka upande wa Mlima Elgon, lilipata jina kubwa kwa kahawa hiyo. Kahawa ilikwenda mashariki, na sabuni, chumvi na mafuta vikarudi magharibi. Njia za panya mnazosikia leo zilikanyagwa sana miaka ile.

Kwa nini nawaambia habari ya kahawa wakati mada ni petroli? Kwa sababu kanuni ni ileile. Mali hufuata bei kama maji yanavyofuata bonde. Serikali ikiweka bei moja upande huu na bei nyingine upande ule, mtu mwenye baiskeli na njaa ataiona tofauti hiyo mapema kuliko waziri.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Tutoke Busia kidogo. Twende Arua, kaskazini magharibi ya Uganda, karibu na Kongo. Nataka twende huko kwa sababu ni habari ya wakimbizi kama sisi.

Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire, ambayo leo ni Kongo, na Sudan. Walikaa ukimbizini miaka. Huko vijana wao walijifunza biashara ya mafuta. Waliporudi nyumbani miaka ya 1980, hawakuwa na shamba wala kazi, lakini walijua nani anauza petroli ng'ambo na njia gani haina askari. Wakaanza kuuza kando ya barabara za Arua, katika jerikani na chupa. Watu wakawaita Opec Boys, kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Petroli ile mara nyingi ilitoka Mombasa. Ilipita ndani ya Uganda bila kulipiwa kodi ya Uganda, kwa kuwa karatasi zilisema inakwenda Kongo. Ikifika Kongo, inageuza. Inarudi Uganda usiku kwa baiskeli, na inauzwa kwa bei nafuu kuliko ile ya stesheni. Mafuta ni yaleyale na meli ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba moja ililipa kodi na nyingine haikulipa.

Hilo ndilo jambo kuu ninalotaka mkumbuke leo. Petroli haina uraia. Inayotofautiana nchi na nchi ni safari yake, faida ya wauzaji, na zaidi ya yote, kodi.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Basi tuifungue hiyo lita tuone ndani kuna nini. Chukueni kalamu kama mnayo.

Uganda inatoza ushuru wa bidhaa kwa kila lita, kiasi kilichotajwa kwa shilingi. Mwezi Julai 2024, lita ya petroli iliwekewa ushuru wa shilingi 1,550, na lita ya dizeli shilingi 1,230. Kabla ya hapo ilikuwa 1,450 na 1,130. Petroli ikipanda duniani, ushuru huo unabaki palepale. Ikishuka, ushuru unabaki palepale pia. Uganda haitozi VAT juu ya petroli na dizeli. Na serikali haipangi bei ya stesheni. Tangu biashara ya mafuta ilipofunguliwa miaka ya 1990, kila mwenye stesheni anaweka bei yake. Ndiyo maana ukitoka Tororo hadi hapa utaona vibao vya bei tofauti njia nzima.

Kenya inafanya kwa namna nyingine. Huko lita moja ya petroli imebeba kodi na tozo karibu tisa. Upo ushuru wa bidhaa, ipo tozo ya kutengeneza barabara, ipo ya reli, ipo ya maendeleo ya mafuta, na nyingine ndogo ndogo. Tozo ya barabara peke yake ilitoka shilingi 18 za Kenya hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Juu ya hizo ipo VAT, na VAT ni asilimia. Maana yake, mafuta yakipanda bei duniani, VAT nayo inapanda.

Tena Kenya inapanga bei ya juu kabisa. Tangu mwisho wa mwaka 2010, mamlaka ya nishati inatangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, na bei hiyo inaanza kufanya kazi siku inayofuata. Stesheni ikizidisha, imevunja sheria.

Kwa hiyo tuna nchi mbili. Moja inatoza kiasi kisichobadilika na kuacha soko liamue. Nyingine inatoza asilimia pamoja na tozo nyingi, lakini inaweka kikomo cha bei. Mtu wa Busia anasimama katikati ya mifumo hiyo miwili, na anaweza kuvuka kwa miguu.

Mtu anaweza kuniuliza, je, Jumuiya haikufufuliwa? Ilifufuliwa. Mkataba ulitiwa sahihi Novemba 1999, na umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua Busia kituo cha pamoja, ambapo mizigo inakaguliwa mara moja badala ya mbili. Lakini umoja huo ulihusu ushuru wa forodha. Ushuru wa ndani wa mafuta uliachwa mikononi mwa kila bunge. Kwa hiyo mpaka ulifunguka kwa watu na malori, ila tofauti ya bei ikabaki.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa tuone jinsi tofauti hiyo ilivyogeuka mbele ya macho yetu katika miaka michache tu.

Kuanzia Aprili 2021, Kenya ilianza kulipia sehemu ya bei ya mafuta ili wananchi wasiumie. Tunaita ruzuku. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilianza, na bei ya mafuta ikapanda dunia nzima. Katikati ya mwaka 2022, lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 159 za Kenya. Bila ruzuku ingepita 200. Wakati huohuo Uganda hakukuwa na ruzuku, na lita ilikuwa imepita shilingi 6,000 za Uganda.

Tuhesabu pamoja. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama shilingi 32 za Uganda. Zidisha 159 kwa 32, unapata kama 5,100. Tofauti ni karibu elfu moja kwa kila lita, au zaidi. Jerikani ya lita ishirini ina faida ya shilingi elfu ishirini. Kwa kijana wa Busia asiye na kazi, hiyo ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Je, utashangaa boda boda zikijaza tangi upande wa Kenya, zivuke, zinyonye petroli kwa mpira, zirudi tena? Waliotoa jina la boda boda kwa kuvusha abiria, sasa walikuwa wanavusha petroli.

Lakini fikirini nani alikuwa analipa. Ruzuku ile ilikuwa fedha ya Mkenya. Kila lita iliyovuka kwenda Uganda ilikuwa ruzuku ya Mkenya iliyokwenda kwa Mganda. Na kila lita iliyovushwa kwa njia ya panya ilikuwa ushuru ambao Uganda haikuupata.

Kisha upepo ukageuka. Septemba 2022 serikali mpya ya Kenya iliondoa ruzuku ya petroli, na lita ikafika shilingi 179 Nairobi. Julai 2023 VAT ya mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hii VAT ina historia yake. Mafuta yalikuwa yamesamehewa VAT kwa miaka mitano. Septemba 2018 ikaanza kutozwa asilimia 16, watu wakalia, na mwezi uleule ikashushwa hadi 8. Miaka mitano baadaye ikarudi 16. Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ikafika shilingi 211 na senti 64, na zaidi ya thuluthi ya bei hiyo ilikuwa kodi na tozo.

Mpakani watu waliliona mara moja. Bei za pande mbili zikakaribiana, na siku nyingine Uganda ikawa nafuu. Pikipiki zikaanza kuja upande wa Uganda kujaza tangi. Barabara ni ileile na vijana ni walewale, lakini jerikani zimegeuza mwelekeo. Hakuna kisima kilichokauka wala meli iliyozama. Watu waliokaa bungeni Nairobi walibadilisha namba, na njia za panya za Busia zikabadilika nazo.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Sasa nirudi kwa mama.

Mama, umeniuliza nani anapanga bei. Si yule kijana wa mashine. Yeye ni wa mwisho kwenye foleni ndefu. Mbele yake yuko mwenye stesheni, yuko dereva wa lori, wako wenye bomba la Kenya, iko bei ya dunia, iko thamani ya shilingi, na liko bunge linaloamua ushuru.

Umeniuliza pia kama ni kweli sisi hatulipi kodi. Mama, si kweli. Ushuru wa mafuta hukusanywa mapema, kwa wale wanaoingiza mafuta nchini, kabla hayajafika stesheni. Stesheni hakuna anayekuuliza wewe ni raia au mkimbizi. Kodi imeshaingia ndani ya bei.

Tuseme mashine ya kusaga inatumia lita nne za dizeli kwa siku. Kwa kiwango cha Julai 2024, humo mna ushuru wa shilingi 4,920. Mwenye mashine hautoi mfukoni mwake. Anaugawanya kwa kila kilo anayosaga, na sisi tunaulipa kidogo kidogo. Tuseme mwenye boda boda anatumia lita tatu za petroli kwa siku. Kwa kiwango hichohicho, humo mna ushuru wa shilingi 4,650. Anaurudisha kupitia nauli, na aliyepanda ni mama mjamzito anayekwenda kliniki. Nyanya zilizokuja sokoni kwa lori zimebeba ushuru. Sabuni pia. Fedha kidogo tunayopewa badala ya chakula, sehemu yake inarudi serikalini kwa njia hiyo, bila risiti.

Kwa hiyo, mzee wetu wa kwenye foleni, nakuheshimu, lakini naomba nikurekebishe. Mkimbizi analipa kodi. Analipa kila anaposaga, kila anapopanda boda boda, kila anaponunua chumvi. Wewe nawe unalipa vivyo hivyo. Mbele ya mashine ile sisi sote tulikuwa walipa kodi.

Nami sisemi kodi ni mbaya. Uganda imetupa ardhi ya kulima, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Watoto wetu wanasoma na watoto wa wenyeji, na kituo cha afya kinatibu wote. Vitu hivyo vina gharama, na shilingi yetu imo humo. Ninachosema ni kwamba anayelipa ana haki ya kujua analipa kiasi gani, na ana haki ya kutoitwa mzigo.

[Kimya kifupi.]

MTANGAZAJI: Kabla sijamaliza, nina neno kwa vijana wenzangu. Petroli ya chupa inavutia kwa sababu ni rahisi. Lakini mtaani kwetu nimeona kibanda kikiteketea kwa sababu jerikani ilikaa karibu na sigiri. Mwenye kibanda aliokoka, ila mikono yake haijarudi kama zamani. Moshi wa petroli hauonekani, hutambaa chini na kuutafuta moto. Usiiweke ndani ya nyumba unamolala. Usiinyonye kwa mdomo, maana ikiingia mapafuni inaua. Na petroli isiyojulikana ilikotoka mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa, inaharibu injini ya pikipiki ambayo bado hujamaliza kuilipia. Petroli hiyo ni nafuu siku moja tu.

Jana usiku nilimsomea mama maneno haya yote kabla hamjayasikia nyinyi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anachambua maharagwe. Kisha akasema, "Sawa. Kesho kutwa nitakwenda kusaga. Nikimkuta yule mzee, nitamsalimia kwanza. Halafu nitamwambia, baba, karibu tusimame foleni moja, sisi walipa kodi."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.

[Muziki wa kufunga.]

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wiki hii umelipia vitu gani ambavyo vimebebwa, vimesagwa au vimetengenezwa kwa petroli au dizeli? Taja vitatu.

2. Ushuru wa Uganda ni shilingi zisizobadilika kwa lita. VAT ya Kenya ni asilimia. Bei ya dunia ikipanda sana, ni mfumo upi utamwumiza mnunuzi zaidi? Na ikishuka je?

3. Wakati wa ruzuku ya Kenya, nani alifaidika na jerikani zilizovushwa Busia, na nani alipata hasara?

4. Mtu akikuambia wakimbizi hawalipi kodi, utamjibu nini bila kugombana naye?

5. Mahali unapokaa, petroli inahifadhiwa wapi? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili isilete moto?